Malalamiko Dhidi ya Linux Aliyevuka Mpaka Ndani ya Soksi

Kibanda cha Fotokopi na Mambo ya Kisasa,
Nyuma ya stendi ya boda,
Bwera, Kasese.

Kwa Mheshimiwa Chairman wa LC1, baraza la kijiji chetu, Mzee Danieri,
kwa mkono wa yeyote atakayekukuta umemaliza kula.

YAH: KUSHTAKI KABLA SIJASHTAKIWA

Mzee wangu Chairman,

Pokea salamu zangu zingali moto, pamoja na za nyumba yangu nzima, ambayo haijui kwamba nakuandikia.

Wewe mwenyewe hutufundisha kwenye vikao kwamba anayefika kwako kwanza ndiye mlalamikaji, na anayefika wa pili, hata akija jicho limevimba, huyo ni mshtakiwa. Sheria hiyo naiheshimu kuliko zote nilizokutana nazo, na nimekutana na nyingi, maana nimefika Goma, nimefika Kampala, na Juba nimekaa mpaka watu wakadhani nimezaliwa huko. Shule niliiacha Senior Two, lakini dunia haikuniacha.

Basi, Mheshimiwa, nimefika kwanza. Kuna mtu ameahidi kuniripoti. Nasema mtu, ila si mtu. Ni mfumo wa kompyuta, jina lake Linux, anaishi ndani ya flash ndogo kama kucha ya kidole gumba, na flash hiyo naivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Namlisha umeme wangu, namlalisha kifuani pangu, naye anataka kunipeleka mbele ya sheria.

Nikueleze alivyoingia.

Kompyuta yangu unaijua, ile iliyochapa kadi za ubatizo wa wajukuu wako. Mwaka jana diski yake ilikufa. Ilikohoa asubuhi, mchana ikalia kama mashine ya kusaga iliyokosa mihogo, kisha kimya. Wakati huo shemeji yangu Ephraïm, kaka yake mke wangu Kahambu, alikuwa amevuka kutoka upande wa Butembo na mzigo wa vitenge. Akatazama maiti ya diski, akavua kiatu, akatoa flash kwenye soksi. Akasema kwao vita vimewafundisha: nyumba inaungua, mashine inabebwa na wenye bunduki, lakini flash inaingia mu soksi, na popote utakapokuta kompyuta yenye umeme unachomeka, na hapo uko kwako. Mheshimiwa, mimi ni mtu wa mizaha, lakini hapo mizaha niliiweka kando. Nilimwongezea nyama kwenye sahani.

Akachomeka flash mbili. Moja ilikuwa mbegu, nyingine ndiyo shamba, na Linux akaanza kupandwa kutoka hii kwenda ile. Ephraïm alisema ataweka Linux wa kimsingi tu, asiye na mapambo, kwa sababu flash ni ndogo na mashine imezeeka. Mimi nilikuwa nje nikiwaeleza vijana wa boda jinsi daraja la Juba lilivyo refu. Katikati ya kazi Linux akauliza mwenye mashine ni nani, aandikwe. Ephraïm akaita kupitia dirisha:

"Shemeji, hii mashine iko ya nani?"

Chairman, wewe umeoa, tena umeoa kwa watu wenye macho. Mbele ya kaka wa mke wako, vijana wa boda wakisikiliza, mtu mwenye adabu hawezi kujibu kwamba ni yangu. Nilijibu kama baba alivyonifundisha kuwajibu wakwe. Nikasema, "Kila kitu kilicho humu ndani ni cha dada yako. Hata mimi mwenyewe." Vijana wa boda walipiga honi. Ephraïm akasema "Bien," yaani vema, akaendelea kuandika. Nakutajia hili ili ujue tu kwamba tangu siku ya kwanza mimi nilimpokea Linux kwa adabu.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Jumamosi hii Biira anaolewa na Fred wa Kitswamba. Biira ni mtoto wa marehemu dada yangu Sylivia, na mimi ndiye nitakayesimama mahali pa baba. Kwenye kikao cha harusi nilisimama, ulikuwepo, nikasema ratiba zote za ibada na karamu zitatoka kwenye mashine yangu, watu waache kuhangaika. Ratiba nimeitunga. Imo ndani ya flash. Juu kabisa, kabla hata ya jina la padri, nimeandika jina la Sylivia. Biira alipoisoma kwenye kioo cha kompyuta alishika ukingo wa meza, akasema polepole kwamba hataki ratiba nyingine yoyote.

Kwa hiyo ratiba iko ndani, karatasi ziko nje, na katikati ameketi Linux. Printa yangu mpya, niliyoifuata Kasese mjini na kuibeba kwenye boda nikiikumbatia kama bibi harusi, Linux anasema haijui. Dawa Ephraïm aliniachia: kwanza umfanyie Linux apdeti, ajue mapya ya duniani, halafu umwagize alete kutoka kwenye intaneti kile kinachotakiwa na printa. Kila agizo la namna hiyo linaanza na neno moja la kuomba ruhusa, linaandikwa sudo. Rahisi. Kisha Ephraïm akarudi Butembo, na simu yake sasa iko mahali ambapo mtandao haufiki.

Ningeweza kupeleka ratiba kwa Salmah, yule wa ng'ambo ya barabara mwenye Windows. Ningeweza pia kutembea soko la Mpondwe bila suruali.

Malalamiko yangu, Mheshimiwa, ni haya:

1. Linux hana uso. Ukiwasha Windows, anakupokea kwa picha ya mlima wenye theluji, ingawa sisi wa kwetu tunao bure hapo juu. Linux anakupokea kwa giza, na ndani ya giza kijiti cheupe kinapepesa, kinapepesa, kama mama mkwe anayesubiri useme kilichokuleta.

2. Ananidhania mwizi. Ninapoandika neno langu la siri haonyeshi kitu. Si herufi, si nyota, si nukta. Mara ya kwanza nilidhani kibodi imekufa, nikaifungua, nikaipuliza, nikaikung'uta, zikatoka karanga za tangu Krismasi. Kumbe anasikia, ila hataki kuonyesha kwamba anasikia. Mtoto wa Kikonzo akifanya hivyo kwa mtu mzima, unajua wewe hatua inayofuata.

3. Wageni. Apdeti ya kwanza Ephraïm aliifanya mbele yangu. Linux akaorodhesha watu wanaokuja, majina marefu, hakuna hata mmoja ninayemjua, halafu akauliza kama waendelee kuingia: Y au n. Y ameiandika kubwa, n ndogo. Mheshimiwa, hilo ni swali la mtu aliyekwisha amua. Na hata kama n ingekuwa kubwa, ni nani kati yetu anayewaambia wageni n wakiwa tayari mlangoni? Tuliandika Y. Wakaingia, wakala bando langu lote la intaneti, wakakaa. Wiki iliyofuata walikuwa wamekwisha zeeka, wanatakiwa wapya. Mimi kitanda changu kina umri wa ndoa yangu na hakijawahi kuomba apdeti.

4. Wizi wa bando. Kila Ijumaa, ambayo ni siku ya soko, nakuta bando limepungua na mimi sijagusa kitu. Kibandani hapaingii mtu asubuhi hiyo ila Kahambu, anayepita kuweka vitenge vyake sawa kabla ya kwenda Mpondwe, na yeye huketi kwenye kompyuta kidogo tu kupumzisha miguu. Kwa hiyo mshukiwa ni Linux mwenyewe. Anakula wakati mwenye nyumba amelala.

5. Ananiita shemeji. Jina langu humo ndani, la kuingilia, si Yonasani, wala si Kambale. Ni shemeji. Mimi nimetafuta pande zote za ukoo, hadi Karusandara kwa wajomba, sijaona aliyeoa kwa Linux wala Linux aliyeoa kwetu. Udugu huu ameutoa wapi?

6. Hapa sasa ndipo moto ulipo. Niliandika agizo la apdeti nikianza na sudo, kama nilivyofundishwa. Akaniomba neno la siri. Nikampa. Akalikubali! Angelikataa ningesema nimekosea herufi. Alilikubali, halafu akanijibu kwa Kiingereza kigumu, nami nakutafsiria: "shemeji hayumo katika orodha. Tukio hili litaripotiwa."

Nilisoma nimesimama. Nikakaa, nikasoma tena.

Sikukata tamaa, maana mtu aliyefika Juba anajua kwamba mlinzi anayekataa huwa anataka kuombwa vizuri. Nikaandika: sudo tafadhali. Litaripotiwa. Nikaandika: sudo mimi ni Yonasani, nimefika Juba. Litaripotiwa. Nikaandika: sudo Chairman Danieri ananijua tangu tumbo la mama. Litaripotiwa, Mheshimiwa, na samahani kwamba sasa nawe umo. Mwisho nikaandika: sudo fanya upesi kabla Kahambu hajatoka sokoni. Hili la mwisho likae kati yako na mimi, kwa sababu Kahambu nilimwambia ratiba zimekwisha chapwa, ziko kabatini, na kwamba kabati halifunguki kwa sababu ya mvua.

7. Linaripotiwa kwa nani? Hapo ndipo usingizi ulipopotea. Wewe unaujua mji huu. Tuna polisi, tuna jeshi, tuna watu wa forodha, tuna watu wa uhamiaji, tuna wale wanaovaa kiraia na kila mtu anawajua. Kila mmoja ana meza ya kupokelea ripoti. Juzi afande mmoja aliingia kibandani akiwa na kitambulisho mkononi, nami kabla hajafungua mdomo nilimweleza yote: flash, soksi, shemeji, orodha. Afande akaninyoshea kile kitambulisho. Akasema, "Mzee, mimi nilitaka fotokopi." Nikamwambia fotokopi inategemea printa, na printa inategemea Linux. Akaenda kwa Salmah. Tangu siku hiyo sijui kama ameandika au hajaandika.

8. Nalifikiria jambo hili mbele zaidi, si kwa ajili yangu tu, kwa ajili ya taifa. Leo kompyuta ina orodha ambayo mwenye kompyuta hayumo. Kesho jiko litakuwa na orodha. Nitakwenda kukoroga chai na jiko litasema shemeji hayumo. Kesho kutwa mlango, halafu kitanda. Siku nitakapokufa, kaburi nililochimbiwa na vijana wetu litauliza Y au n, nami nitakaa nje kwenye mvua na waombolezaji wangu, tukio likiripotiwa.

Kwa sababu hizo, Chairman, naomba mambo machache, yasiyozidi uwezo wa mhuri wako.

Kwanza, kesi ifunguliwe leo, jina langu likiwa la juu, la Linux likiwa la chini.

Pili, na hili ndilo la haraka, niandikie barua ya utambulisho. Bila barua ya LC1 benki haikusikilizi, polisi hawakusikilizi, hata kanisa la jirani halibatizi. Nadhani kosa langu ni kwamba nilikwenda kwa Linux bila barua. Andika kwamba Yonasani Kambale ni mkazi wa hapa, mwenye tabia njema kwa kiasi kikubwa, na kwamba flash iliyoko shingoni mwake ni yake, na shingo pia ni yake. Piga mhuri mara mbili. Nitaisimamisha mbele ya kioo cha kompyuta na kumpa muda asome.

Tatu, Linux aandikishwe kama mkazi. Siku ya kufyeka barabara aje na panga lake kama sisi. Asipokuja, faini ya mbuzi.

Nne, kwa kuwa aliingia Uganda ndani ya soksi bila kusimama forodhani, apelekwe Mpondwe mpakani akajieleze, lakini arudishwe kabla ya Jumamosi maana ratiba bado imo ndani yake.

Tano, wewe mwenyewe uingizwe kwenye orodha hiyo, namba moja. Haiwezekani kijijini mwako kuwe na orodha ambayo Chairman hayumo. Ukishaingia, utanivuta mkono.

Sitaki Linux afukuzwe. Hilo nalisema kwa moyo mweupe. Hana pengine pa kwenda, ameishi ndani ya soksi, na mtu aliyeishi ndani ya soksi namwonea huruma. Nataka tu akae kwangu kama mgeni, na mimi nikae kwangu kama mwenyeji, badala ya hivi tulivyo sasa.

Barua hii nimeiandika humu humu ndani ya flash, maana kuandika ananiruhusu. Nikimaliza nitainakili kwa kalamu niilete kwa mguu.

Nisalimie mkeo mama Edisa, umwambie maboga yake niliyaona na niliyasifu. Wasalimie wazee wa kikao wote, hata yule aliyecheka niliposema habari za ratiba. Wasalimie kwaya, vijana wa boda, na Salmah pia, ila kwake usikazie.

Wako katika maendeleo, ninayengoja mhuri,

Yonasani Kambale
Mkurugenzi, Katibu na Fundi wa Kibanda

Nakala kwa: Afande wa posti ya polisi; Padri; Mwenyekiti wa kamati ya harusi; Linux mwenyewe, asome ajirekebishe.

Baada ya sahihi: Mzee wangu, utashangaa kwamba barua imekufikia ikiwa imechapwa, herufi nzuri, ukingo sawa. Nitakueleza, na ukimaliza kusoma hapa uwashie jiko moto kwa kurasa zilizotangulia.

Nilikuwa ndiyo kwanza naweka nukta ya mwisho pale kwenye nakala ya Linux, Kahambu akaingia kutoka sokoni. Alisimama nyuma yangu na kikapu kichwani, akasoma yote kutoka juu hadi chini bila kukishusha. Halafu akasema:

"Umeandikia Chairman, umeandikia afande, umeandikia mpaka padri. Mimi niko hapa pembeni yako. Juu ya nini hukuniuliza?"

Nikasema nimuulize nini. Akaniambia nisogee. Akaketi, akaingia kwa jina lake, Mheshimiwa, jina lake mwenyewe, limo humo tangu siku ile ya dirishani. Ephraïm aliuliza mashine ni ya nani, nami nikamjibu mbele ya mashahidi wenye pikipiki. Watu wa Butembo ukiwapa neno wanalibeba lilivyo. Mwenye orodha ni Kahambu. Wanaofanya apdeti kila Ijumaa ni Kahambu na bando langu.

Na Linux si mwongo, hilo nalifuta rasmi. Aliahidi kuripoti na aliripoti. Ripoti zote zilikwenda kwa mwenye mashine. Zote anazo. Ile ya tafadhali na ile ya Juba amekwisha wasimulia wenzake wa vitenge, ndiyo maana wanawake wa Mpondwe siku hizi wananisalimia kwa kusema sudo tafadhali. Ile ya kabla hajatoka sokoni niliiandika yeye akiwa sokoni kweli. Ijumaa iliyofuata akaikuta kwa macho yake, alipoketi kupumzisha miguu. Alikuwa anangoja tu aone nitaandika lini sudo Kahambu nisaidie.

Akaandika maagizo yake. Linux akauliza Y au n, Kahambu akabonyeza bila kutazama, kama anayefukuza kuku. Printa ikakohoa, ikaamka. Karatasi ya kwanza kutoka, ya kujaribia, ikawa hii barua yako. Zilizofuata ni ratiba. Biira alikuja kuzichukua akiwa bado na sabuni mikononi, akajifuta, akaweka kidole kwenye jina la mama yake, na hakukiondoa haraka. Nikajifanya natafuta karanga kwenye kibodi.

Kwa hiyo hakuna kesi. Mhuri upumzike. Barua ya utambulisho pia iache, kwa kuwa anayetakiwa kunitambua ananitambua mno.

Jioni hii Kahambu ameniuliza mambo mawili: aniingize kwenye orodha, na anibadilishie lile jina? Orodha nimekubali. Jina nimelikataza lisiguswe. Nimefika Goma, nimefika Kampala, nimefika Juba, na popote nilipofika sijaona shemeji aliyelala njaa.